Kulinda Miche Michanga: Kila Adui Huacha Alama Yake

Mkulima akiisha kulima, kutia samadi na kupanda, huenda akadhani ya kuwa kazi kubwa imekwisha, na ya kuwa yaliyobaki ni ya mvua na jua. Lakini sivyo. Mche unapotoka ardhini huwa na majani mawili tu, shina lake ni jembamba, na mizizi yake haijashika sawasawa. Mmea mkubwa ukiliwa jani moja hauoni hasara. Mche ukiliwa jani moja umepoteza nusu ya majani yake, na ukikatwa shina umekufa. Kwa sababu hiyo majuma matatu au manne ya kwanza yana hatari kuliko siku nyingine zote za maisha ya mmea.

Hasara yenyewe si ndogo. Mtu aliyenunua mbegu kwa fedha, kisha ikaliwa, hana budi kununua mara ya pili. Na hata akinunua, mvua haimngojei. Katika sehemu ambako masika huanza Machi na kwisha Mei, mahindi yaliyopandwa upya baada ya majuma matatu aghalabu hukutwa na ukame yanapochanua, na magunia yaliyotarajiwa kumi yakawa manne. Nyumba iliyotegemea mazao hayo kwa chakula na kwa karo ya shule huona upungufu huo mwaka mzima.

Tena liko kosa moja lifanywalo na watu wengi. Mtu akiona miche yake imeharibika hukimbilia dukani kununua dawa kabla hajajua ni nani aliyeiharibu. Dawa ya konokono haimwui fuko, na ua wa miiba haumzuii kiwavi atokaye chini ya udongo. Afanyaye hivyo hupoteza fedha zake, na usiku unaofuata mwizi hurudi kama kawaida. Yafaa kwanza kumjua mwizi, ndipo kumtafutia mtego.

Alama za asubuhi

Mkulima na aende shambani alfajiri, kabla jua halijakausha umande, na kabla nyayo za watu na kuku hazijafuta nyayo za mwizi. Karibu kila adui wa miche huacha alama, na alama hizo zaweza kusomwa na mtu ye yote, kama vile mwindaji asomavyo njia ya mnyama.

Mche ukikutwa umekatwa shina usawa wa ardhi, nao umelala pale pale ulipokatwa, mwenye kosa ni kiwavi akaaye ardhini. Majani yakiwa yametobolewa na kuliwa ovyo, na juu yake pana ute unaong'aa, huyo ni konokono. Mche ukiwa umevutwa kwenda chini, na karibu yake pana fungu la udongo mpya, huyo ni fuko. Shina likiwa limepakwa udongo mkavu kama plasta, chini yake wamo mchwa. Pakiwa na vishimo vidogo vinavyofuatana katika mstari mahali palipopandwa mahindi, mbegu imefukuliwa na kindi wa ardhini, aitwaye kuchakuro, au na ndege, au na nyani.

Hata meno huacha alama. Sungura ana meno makali juu na chini, kwa hiyo hukata ncha ya mche kwa mshazari, safi kama kisu. Mbuzi na paa hawana meno ya mbele katika taya la juu. Wao hurarua, na mahali walipokula huonekana pamechanika. Mtu akijua jambo hilo dogo hatamlaumu jirani kwa ajili ya mbuzi wake, kumbe aliyekula ni sungura wa porini.

Yafaa kukumbuka pia ya kuwa si kila mche uliokufa umeuawa na mnyama au mdudu. Miche ya kitalu ikianguka kwa makundi, na shina lake likiwa laini na limeoza karibu na udongo, huo ni ugonjwa uletwao na maji mengi na msongamano. Dawa ya wadudu haiusaidii hata kidogo. Yapasa kupunguza maji, kupunguza miche, na kuacha upepo upite.

Kiwavi akataye miche

Kiwavi huyu, ambaye katika sehemu nyingine huitwa sota, ni mtoto wa nondo wa kijivu arukaye usiku. Nondo hutaga mayai yake juu ya magugu na juu ya majani yaliyo karibu na ardhi. Kiwavi akiisha kukua huwa na urefu wa sentimita 4 hivi. Ni mnene na laini, rangi yake ni ya udongo, na akiguswa hujikunja kama pete. Mchana hujificha ndani ya udongo, kina cha sentimita chache tu. Usiku hutoka akakata. Naye hamalizi mche mmoja kabla ya kuanza mwingine, bali hukata, akaonja, akaenda mbele; ndiyo maana kiwavi mmoja aweza kuangusha miche kadhaa katika usiku mmoja.

Watu wengi humkaribisha wenyewe pasipo kujua. Hulima shamba lenye magugu leo, na kesho wakapanda. Viwavi waliokuwa wakila magugu hukosa chakula ghafula, na kitu kibichi kilichosalia ni miche tu. Basi shamba lilimwe na kusafishwa majuma mawili mpaka manne kabla ya kupanda. Katika muda huo viwavi wengi hufa kwa njaa, na wengine waliofukuliwa na jembe huliwa na ndege na kuku.

Ikiwa miche imekwisha kupandwa, kiwavi na atafutwe asubuhi ile ile. Aghalabu hayuko mbali. Mkulima achukue kijiti, apekue udongo kuuzunguka mche uliokatwa, kina cha kidole kimoja, naye atamkuta amejikunja. Kumwua huyo mmoja ni kuponya miche ambayo angeikata usiku wa pili.

Kwa kabichi, nyanya, sukuma wiki na miche mingine ihamishwayo kutoka kitaluni, iko kinga isiyohitaji fedha. Kila mche uvikwe ukosi unaozunguka shina, uliotengenezwa kwa ganda la mgomba, au kwa karatasi nene, au kwa kopo lililotolewa vifuniko vyake vyote viwili. Ukosi uwe na urefu wa sentimita 8 hivi, na sentimita 3 za chini zizikwe ndani ya udongo. Kiwavi hutambaa usawa wa ardhi, na akifika penye ukosi hulipoteza shina. Shina likiisha kuwa gumu, ukosi waweza kuondolewa.

Adui wa mahindi na maharagwe

Tangu mwaka 2016 Afrika imepata adui mwingine, yaani kiwavijeshi aliyetoka Amerika. Na mwaka 2017 alithibitishwa kuwapo Kenya. Huyu hakai ardhini kama sota, bali huingia katika moyo wa mhindi mchanga na kula majani yangali yamekunjwa. Majani yakikunjuka huonekana yana matobo na sehemu nyeupe zilizokwanguliwa, na ndani ya moyo wa mhindi hukutwa kinyesi kama unga wa mbao.

Kiwavijeshi akiwa mdogo aweza kushindwa. Akiwa mkubwa amejificha ndani kabisa, na dawa haimfikii. Kwa hiyo mahindi machanga yakaguliwe mara mbili kila juma. Mayai yake hutagwa kwa makundi juu ya majani, yamefunikwa kwa kitu kama pamba nyepesi. Yasagwe kwa vidole. Wakulima wengi hutia katika moyo wa mhindi kidogo cha majivu au udongo mkavu, na wamepata faida.

Maharagwe nayo yana nzi wake, mdogo mweusi, mgumu kuonekana. Hutaga mayai katika majani ya kwanza, na funza wake hushuka ndani ya shina mpaka karibu na mizizi. Mche hugeuka rangi ya manjano, shina huvimba na kupasuka karibu na ardhi, kisha hukauka ungali umesimama. Watu wengi hudhani ni jua. Kinga yake ni kupanda mapema mvua inapoanza, kwa kuwa nzi hawa huongezeka kadiri majira yanavyoendelea. Kung'oa na kuchoma miche iliyokufa. Na kupandisha udongo kwenye mashina majuma mawili au matatu baada ya kuota. Mche uliopandishiwa udongo huweza kutoa mizizi mipya juu ya mahali palipoliwa, na huenda ukapona.

Konokono, mchwa na fuko

Konokono, mwenye gamba na asiye na gamba, hupenda unyevu na giza. Mchana hulala chini ya mawe, mbao na majani. Mkulima aweza kumtega kwa kutumia tabia yake hiyo hiyo: aweke vipande vya mbao au gunia lenye maji kati ya matuta jioni, na asubuhi avigeuze, akusanye konokono waliojificha chini yake. Majivu yaliyozungushiwa miche huwazuia yakiwa makavu, lakini mvua ikinyesha nguvu yake imekwisha, na hayana budi kutiwa tena. Kumwagilia maji asubuhi badala ya jioni husaidia vile vile, kwa kuwa udongo huwa umekauka juu usiku unapoingia.

Mchwa aghalabu huanza na mche dhaifu. Mche uliopandwa mvua ikiisha, wenye mizizi iliyokunjamana ndani ya mfuko wa plastiki, ndio wauanzao. Mikaratusi michanga huumia sana kwa mchwa, hasa katika sehemu kavu. Basi miti na ipandwe mwanzoni mwa mvua, mfuko uondolewe wote, na mizizi iliyojizungusha ikatwe. Mche wenye afya uliopata mvua ya majuma kadhaa huweza kustahimili zaidi kiangazi kinapofika.

Fuko anajulikana sana katika nchi za milimani. Hutembea katika njia zake chini ya ardhi na kula mizizi, viazi vitamu na miche ya migomba. Haonekani, wala ua haumfai kitu. Njia iliyo bora ni ile ya wazee: kutafuta njia yake iliyo mpya, kuifungua, na kutega kitanzi kilichofungwa katika fimbo iliyopindwa. Fuko hapendi upepo uingie katika njia yake. Akija kuiziba, hunaswa. Kumwaga sumu katika njia zake ni hatari, kwa kuwa bundi, nguchiro na mbwa wamlao hufa pia.

Wafukuao mbegu

Mahindi huwa hatarini hata kabla ya kuota. Kuchakuro ana pua kali, na akiisha kufukua mbegu moja hufuata mstari mzima. Nyani na tumbili hufanya vivyo hivyo kwa macho yao, kwani huona mahali udongo ulipochimbwa. Kanga, kwale, njiwa na kunguru huja mche unapochomoza, wakauvuta ili wapate punje iliyo chini yake.

Mbegu ikipandwa juu juu ni kama imeandaliwa mezani. Ipandwe kina cha sentimita 5 hivi, udongo ushindiliwe kwa mguu, na mstari usawazishwe usionekane kwa urahisi. Zaidi ya hayo hakuna kinga ya mbegu iliyo kubwa kuliko ulinzi. Siku za hatari si nyingi: ni tangu kupanda mpaka mche uwe na majani matatu au manne, wakati punje ya chini imekwisha nguvu yake na haina ladha tena. Muda huo ni kama majuma mawili au matatu.

Yapasa pia kujua saa za kulinda. Nyani, tumbili, kuchakuro na ndege ni wezi wa mchana, nao huja hasa asubuhi na alasiri. Sungura, nungunungu na nguruwe mwitu ni wezi wa usiku. Aliyeweka mlinzi usiku kwa ajili ya nyani amejitaabisha bure.

Katika sehemu nyingine watoto huzuiliwa nyumbani wakati wa kupanda ili wafukuze nyani. Hasara hiyo haionekani shambani, lakini ni kubwa kuliko ya mbegu, kwa kuwa mtoto aliyekosa majuma matatu ya masomo kila majira hubaki nyuma ya wenzake. Njia iliyo nzuri ni ya ushirikiano. Majirani wakikubaliana kupanda siku zile zile, ndege na wanyama hugawanyika katika mashamba mengi, na shamba moja haliumii peke yake. Tena watu wazima wa nyumba tano au sita waweza kupokezana zamu, kila mmoja siku yake. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Mbuzi na kuku

Si maadui wote watokao porini. Kuku mmoja mwenye vifaranga aweza kuchakura tuta lililopandwa asubuhi, na mbuzi wawili waweza kumaliza kitalu cha miti saa moja. Hapa kinga ni ua, na adabu kati ya majirani.

Ua wa matawi ya miiba ni wa upesi, lakini huoza na kuliwa na mchwa, na hauna budi kutengenezwa kila mwaka. Ua ulio hai hudumu. Kayaba ikipandwa karibu karibu na kukatwa mara kwa mara hufunga kabisa baada ya miaka kadhaa, hata mbuzi asipite. Mkonge hufaa katika nchi kavu. Mnyaa nao hushika upesi kwa vijiti tu, lakini utomvu wake huumiza macho vikali. Mwenye kuukata ajihadhari, na watoto wasiuchezee.

Mti mmoja mmoja uliopandwa nje ya ua, kama ule wa kandokando ya njia au wa malishoni, uzungushiwe matawi ya miiba yaliyofungwa pamoja. Paa na sungura hutafuna magome vile vile, na mche ukitafunwa gome lake kuuzunguka wote hufa, hata majani yakiwa bado mabichi kwa siku chache.

Wakaao mjini nao wana bustani zao. Katika Kibera na mitaa mingine ya Nairobi watu hupanda sukuma wiki na mchicha katika magunia yaliyojaa udongo, miche ikatoka juu na katika matundu ya ubavuni. Njia hiyo huwaepusha na fuko na sota walio wengi, lakini panya na kuku bado hufika. Wavu, au chandarua kikuukuu kisichofaa tena kulalia wala kuzuia mbu, kikitandazwa juu ya vijiti kwa majuma matatu ya kwanza, hutosha.

Wanyama wakubwa na sheria

Walio karibu na mbuga za wanyama wana shida kubwa zaidi, kwa maana tembo akipita juu ya kitalu hapana cha kuokoa. Mwaka 2007 wataalamu waliofanya kazi katika Samburu walionyesha kwamba tembo husikia sauti ya nyuki na kukimbia. Kutokana na maarifa hayo wakulima wa Sagalla, karibu na mbuga ya Tsavo Mashariki, walizungushia mashamba yao mizinga iliyotundikwa kwenye waya. Tembo akigusa waya mizinga hutikisika, nyuki hutoka, naye hurudi nyuma. Ua huo hauzuii kila tembo, lakini umepunguza hasara, na tena hutoa asali.

Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kuwaua wanyama pori pasipo ruhusa. Mkulima aliyeharibiwa shamba na tembo, nyati au kiboko asijichukulie mkuki wala asitege sumu, bali atoe habari mapema kwa Shirika la Wanyamapori la Kenya au kwa chifu wake, kabla alama hazijafutika. Nyama iliyotiwa sumu kwa ajili ya mnyama mmoja huua mbwa, tai na fisi, na siku moja yaweza kuokotwa na mtoto.

Juu ya dawa

Katika miaka ya 1950 na 1960 unga wa aldrin, dieldrin na DDT ulisifiwa duniani kote kuwa mwisho wa wadudu. Kweli uliwaua. Lakini baadaye ilionekana kwamba dawa hizo haziozi upesi. Hukaa ardhini miaka mingi, huingia katika mafuta ya mwili, na kupita kutoka kwa mdudu kwenda kwa ndege, na kutoka kwa samaki kwenda kwa mtu. Ndege wakubwa waliokula viumbe vyenye DDT walitaga mayai yenye ganda jembamba yaliyovunjika kabla ya kuanguliwa. Kwa sababu hiyo dawa hizi tatu ziliingizwa katika Mkataba wa Stockholm uliofanywa mwaka 2001 na kuanza kazi mwaka 2004, na aldrin na dieldrin haziruhusiwi tena kilimoni. Mzee akumbukaye unga wa zamani asiutafute, na mtu auzaye unga usio na jina sokoni asinunuliwe kitu.

Zipo dawa nyingine zilizoandikishwa na Serikali, nazo zaweza kufaa pale ambapo njia nyingine zimeshindwa. Lakini mnunuzi asome karatasi iliyobandikwa kwenye chupa, au asomewe: ni ya mdudu gani, kipimo chake, na siku ngapi zipite kabla ya kuvuna. Dawa isitiwe katika chupa ya soda, wala isiwekwe jikoni. Maji ya majani ya mwarobaini yaliyopondwa husaidia kuwazuia wadudu walao majani. Hayana nguvu ya kudumu, na mvua huyaosha, kwa hiyo hurudiwa.

Rafiki za mkulima

Shamba lina walinzi wake wasiolipwa mshahara. Chura hula viwavi na konokono usiku kucha. Kinyonga, mjusi na buibui hula wadudu. Siafu, ijapokuwa huwafukuza watu nyumbani, hawali miche, bali huwinda viwavi na wadudu wengine. Nguchiro huwinda panya, ijapokuwa ni kweli kwamba huiba vifaranga pia, na banda la kuku halina budi kufungwa jioni.

Aonewaye kuliko wote ni bundi. Watu wengi humpiga mawe kwa kudhani ya kuwa analeta msiba. Bundi huja karibu na nyumba kwa sababu panya wako karibu na nyumba, wala hakuna sababu nyingine. Mwenye kumwua bundi amewapa panya ruhusa ya kuzaa.

Kuhesabu walio hai

Iko desturi moja ya kufaa kuigwa na kila mwenye kitalu. Mwaka 1977 Wangari Maathai alianzisha kazi ya kupanda miti iliyokuja kujulikana kwa jina la Green Belt Movement. Siku ya kwanza, katika mwezi wa Juni, miti saba ilipandwa Kamukunji, Nairobi, lakini mingi kati yake haikupona kwa kukosa matunzo. Baadaye, wakati vikundi vya wanawake vilipoanza kukuza miche vijijini, malipo madogo yaliyotolewa hayakuwa ya kila mche uliopandwa, bali ya kila mche uliokaguliwa na kuonekana ungali hai. Kwa njia hiyo makumi ya mamilioni ya miti yamesimama, na mwaka 2004 Wangari Maathai alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Hesabu hiyo ndiyo hesabu ya haki. Mkulima asijisifu kwa idadi ya mashimo aliyochimba wala kwa uzito wa mbegu aliyonunua. Akague mistari yake kila asubuhi kwa majuma manne, asome alama, amtafute kila adui kwa njia imfaayo. Na mwisho wa mwezi ahesabu miche iliyosimama. Miche hiyo ndiyo itakayompa mavuno. Aonaye shida ambayo hawezi kuitambua na achukue mche mmoja ulioharibika, pamoja na mdudu aliyekutwa nao ndani ya chupa yenye kifuniko, ampelekee Bwana Shamba au Bibi Shamba wa tarafa yake, naye ataonyeshwa la kufanya kabla adui hajafika mstari wa pili.